Masafa ya Walii

Gisenyi, Kampi ya Waswahili
6 Februari 1956

Kaka Faradji,

Salamu za majirani utazipata katika barua nyingine. Hii ni ya Mama.

Tangu Jumapili ya juma lililopita hainuki kitandani. Mganga wa dispensari amekuja mara mbili, na mara ya pili hakufungua hata mfuko wake. Alisimama mlangoni, akaniita nje, akasema figo zimechoka. Hakusema zitapumzika. Mimi si mtoto, nimeelewa.

Anakutaja wewe. Asubuhi nikimlisha uji ananiuliza, "Faradji iko wapi? Mulimwambia mi siko muzima?" Namwambia nimeandika. Mchana anauliza tena. Alhamisi iliyopita alisikia ndege ikishuka upande wa Goma, akanituma nje nitazame barabara, kwa sababu kila barua unatuandikia kwamba kazi yako iko kwenye ndege. Nilisimama kidogo karibu na ukuta wa mawe, nikarudi nikamwambia wewe hukuwemo.

Hiyo ndege inatoka kwenu, kaka, na inatua kila Alhamisi. Kutoka uwanjani Goma, ukivuka mpaka wa Grande Barrière hadi mlangoni kwetu, mtu anakuja kwa miguu na chai haijapoa sana.

Njoo. Ukija mikono mitupu ni sawa, Mama hataki kitenge wala sabuni.

Mdogo wako,
Saidati


Leopoldville, uwanja wa ndege
16 Februari 1956

Mdogo wangu Saidati,

Barua yako imenitia baridi mwilini. Niliisoma kazini nikiwa nimesimama juu ya mizani, mpaka Mbelgiji msimamizi wangu akaniuliza kama leo ninajipima mwenyewe.

Lakini unaandika kana kwamba Leopoldville ni Busasamana, hapo jirani yenu. Acha nikueleze, maana wewe hujavuka hata Bukavu zaidi ya mara moja. Kwenye ubao wetu imeandikwa Leopoldville mpaka Goma, kilometa elfu moja mia tano na sitini. Kwa lori na meli ya mtoni ni wiki tatu, na kwa mvua hizi hata nne. Kwa ndege ni masaa matano na nusu hewani, na kituo kimoja cha mafuta. Mzungu anaondoka hapa saa moja asubuhi, anashuka kwenu saa nane mchana, kwa sababu saa zenu zimetangulia zetu kwa saa moja. Haya nayajua kama Alhamdu. Lakini kuyajua si kupanda. Ndege ni ya wenye tikiti, na mimi ni mpima mizigo.

Niko mbali, Saidati. Masafa kama haya hata dini inamhurumia mtu, anapunguza sala na Ramadhani anakula mchana. Mungu amempa msafiri udhuru, sasa ninyi mnaninyima?

Nimenunua blanketi nzuri ya sufu, nzito, na dawa ya figo kutoka kwa mfamasia anayeaminika. Rubani mmoja amekubali kuvileta Alhamisi ijayo. Mfunike Mama. Mwambie ninamuombea kila sala.

Kaka yako anayekupenda,
Faradji


Gisenyi
3 Machi 1956

Kaka,

Mama alifariki Jumatano, tarehe 29 Februari, baada ya adhuhuri. Tulimzika kabla jua halijazama. Watu walikuwa wengi, wa kampi yetu na wa ziwani pia, hata wauza samaki wakristo walikuja na vikapu vyao wakaviacha nje ya uzio.

Blanketi ilifika Alhamisi ile. Ndege ilitua saa nane, kama ulivyosema. Mama aliishika ncha, akaipapasa, akauliza, "Hii blanketi imeweza kuja?" Nikasema ndiyo. Akaniambia niikunje niiweke, yeye hana baridi.

Kati ya barua yangu na kaburi zilipita Alhamisi tatu. Nimezihesabu, kwa hiyo usizihesabu tena.

Nguo zake nimezigawa. Cherehani nimebaki nayo, aliniachia kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya mashahidi. Ukitaka kuniandikia, niandikie. Lakini juu ya kilometa usiniandikie tena, nimeshajua ni ngapi.

Saidati


Leopoldville
10 Januari 1957

Mdogo wangu Saidati,

Miezi kumi hujanijibu hata mstari. Sawa, wewe ni mtoto wa Mama kweli, hasira zako zinalala ndani kama moto wa mlima Nyiragongo. Mimi nimesamehe, na leo nina habari njema.

Yuko bwana mmoja hapa, jina lake Bizimana, Mwislamu wa kwetu huko, ana ghala tatu za nguo na chumvi karibu na bandari ya mto. Yeye ndiye aliyenishika mkono nikapata kazi hii. Mkewe alifariki. Anataka mke anayejua dini, anayejua kushona, na asiyepiga kelele. Mawili ya kwanza nilimwahidi kwa kiapo. Nimempa neno langu, naye ameshalipa tikiti yako. Utapanda Goma Ijumaa ya tarehe 8 Machi, ndege ikirudi kwetu.

Usiogope safari. Ni karibu mno. Utakunywa chai kwenu, utakula nami cha jioni, na saa ya mkononi utairudisha nyuma, maana ukija huku siku inakuongezea saa moja bure. Masaa matano na nusu si kitu. Mtu anashona shati moja na nusu. Dunia imekuwa ndogo, mdogo wangu, siku hizi Gisenyi na Leopoldville ni nyumba mbili zenye ua mmoja.

Njoo na cherehani yako, nitaipima mwenyewe.

Kaka yako,
Faradji


Gisenyi
21 Januari 1957

Kaka Faradji,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya pili nilikuwa namtafuta ndani yake yule mtu aliyeniandikia mwaka jana. Sikumpata. Labda amesafiri.

Siji Leopoldville. Rudisha tikiti ya watu.

Mume wa kwanza ulinichagulia wewe, unakumbuka. Ulisema ni mtu wa maana, ana duka Bukavu. Alinirudisha baada ya miaka miwili na sanduku moja, na mkono wa kushoto ambao mpaka leo mvua ikinyesha unauma. Sikukulaumu, ulikuwa kijana na Baba alikuwa amekufa karibuni. Lakini mtu haumwi na nyoka mara mbili kwenye shimo moja, na shimo lenyewe umelichimba wewe.

Mimi nimepata wangu. Anaitwa Sibomana, anaendesha lori la viazi kutoka Mudende mpaka sokoni. Babake alikuwa anasimama safu moja na Baba msikitini, utamkumbuka, yule mrefu mwenye kikohozi. Nitakuambia tulivyojuana ili usiambiwe na watu. Alileta turubai la lori limepasuka akaniuliza kama naweza kulishona. Nikamwambia naweza, kwa kiburi tu. Nikavunja sindano tatu. Hakucheka. Kesho yake alileta sindano sita za viatu, akakaa chini akashika upande wake wa turubai mpaka tukamaliza. Mwezi mmoja baadaye alituma wazee. Alikuja kwa mlango wa mbele, mchana.

Tangu Baba afariki wewe ndiye walii wangu, mwenye kuniozesha. Bila neno lako ndoa haifungwi. Ninaliomba hilo neno. Naliomba kwa adabu, mara hii moja.

Mdogo wako,
Saidati


Leopoldville
30 Januari 1957

Saidati,

Neno unaloliomba ni hapana.

Mimi nimetoa ahadi kwa mtu mkubwa, kisha nimwambie dada yangu amenikataa kwa ajili ya dereva wa viazi? Nitaweka wapi uso wangu? Bizimana ana watu ishirini wanaomwamkia kila asubuhi. Huyo wako anaamkiwa na magunia.

Na nisikie vizuri. Najua kampi yetu, najua vibibi vyake na vibabu vyake. Watakuambia kaka yako yuko ng'ambo ya misitu, tafuta mtu mwingine asimame mahali pake. Usithubutu. Mimi siko mbali. Masaa matano na nusu, Saidati. Niko karibu na wewe kuliko huyo Sibomana akiwa Mudende na gurudumu limepasuka. Ukinikasirisha nitakuwa nimeshuka Goma kabla wali wa harusi haujaiva. Hakuna mwanadamu atakayekuozesha bila mkono wangu, wala shehe wala mwalimu. Walii ni mimi, na mimi niko hapo hapo mlangoni.

Jitayarishe kwa tarehe 8.

Faradji


Gisenyi
9 Februari 1957

Kaka Faradji,

Nimefanya ulichonikataza. Nimechukua barua zako mbili, ile ya Februari mwaka jana na hii ya juzi, nimezipeleka kwa Mwalimu Muhamadi, anayetusalisha na kutuamulia mambo ya ndoa. Nilizilaza kwenye mkeka mbele yake na mbele ya wazee wanne, nikasema sina maneno, maneno yameandikwa.

Mwalimu alivaa miwani. Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akairudia ya kwanza. Kisha akaniuliza kama miandiko hii miwili ni ya mtu mmoja. Nikasema ni ya mtu mmoja, tumbo moja na mimi.

Wazee walianza kunibembeleza. Mmoja alisema tungoje, Faradji ni mtu wa Leopoldville, akikasirika itakuwa aibu. Nikamwambia na mimi nimekasirika, tena niko karibu zaidi. Mwingine akasema kwamba siku hizi kwa ajili ya ndege mtu wa mbali hayuko mbali, na hilo ndilo uliloandika, kwa hiyo walii yupo na lazima angojewe. Hapo Mwalimu alivua miwani. Nakuandikia alivyosema, ili usiseme nimeongeza chumvi.

"Bon. Sheria haipime saa, inapima udongo. Mwendo wa siku mbili wa ngamia, hayo ndiyo masafa. Hata mutu akiyakata kwa kufumba jicho, masafa iko pale pale. Dunia haikukunjwa, ni ndege tu inaenda mbio."

Akaeleza kwamba kwa masafa yale yale yanayompa mtu ruhusa ya kupunguza sala na kula Ramadhani, walii akiwa ng'ambo yake, haki ya kuozesha inamwangukia mwamuzi wa mji. Na akaonyesha kidole mstari wako mwenyewe, kaka, pale ulipoandika kwamba masafa yako hata dini inayahurumia. Akasema, huyu ndugu ametoa hukumu kabla yangu.

Mama alipokuwa anakuita ulikuwa mbali. Mimi nilipotaka kuolewa ukawa mlangoni. Huwezi kuwa na nyumba mbili, chagua moja. Mimi nimekuchagulia ile uliyoijenga kwanza. Asiyekuwapo na lake halipo, na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Ndoa ni Ijumaa ya tarehe 1 Machi, baada ya sala. Umealikwa kama mtu mwingine yeyote.

Saidati


Goma, karibu na Grande Barrière
Alhamisi, 28 Februari 1957

Saidati,

Nimefika. Ndege imetua saa nane na dakika kumi.

Kwa haraka niliacha karatasi yangu ya njia, na bila hiyo sivuki kutoka Kongo kuingia Ruanda. Karani amekuwa na heshima lakini amesema nirudi Jumatatu. Niko kwenye mkahawa wa chai upande wa huku. Naliona paa la msikiti.

Barua hii inaletwa na Mukamusoni, muuza samaki, anayerudi nyumbani na kikapu kitupu. Alinijua kabla sijamjua.

Mwambie Mwalimu wako apime udongo sasa. Hakuna ngamia anayehitaji siku mbili kutoka hapa mpaka kwako, hata mbuzi anatosha. Walii yupo. Simamisheni harusi.

Faradji


Gisenyi
Ijumaa, 1 Machi 1957, asubuhi

Kaka,

Imesimama. Furahi.

Ningeweza kuificha barua yako. Mukamusoni aliniletea jikoni, tulikuwa peke yetu, naye ni mtu wa siri. Lakini ndoa ya kujificha nisingeitaka, kwa hiyo niliipeleka mwenyewe kwa Mwalimu na mikono ina vitunguu. Aliisoma akasema haki imekurudia, kwa kuwa umeingia ndani ya masafa. Wanawake walizima moto chini ya sufuria mbili. Sibomana alikuwa ameosha lori. Nilipomwambia, alikaa juu ya ngazi yake akasema, "Tungoje basi, ni kaka yako." Nilitamani akasirike. Mimi nilikuwa na hasira ya kututosha wote.

Sasa sikiliza sehemu ya pili ya hukumu, maana Mwalimu hakunipa ya kwanza peke yake. Walii aliye karibu, akimkatalia mwanamke mume anayemfaa bila sababu ya dini, anaulizwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Akikataa mara zote tatu, amedhulumu, na mwamuzi anafunga ndoa yeye. Babake Sibomana na babetu walisimama safu moja, sababu ya dini huna. Kwa hiyo andika. Unaweza kuandika hapana tatu kwenye karatasi moja, tuokoe muda. Mukamusoni anakungoja uandike, anakuletea na kalamu kama huna. Mimi nitaolewa leo au kesho au Jumatatu, na wewe ukiwa ndani au nje.

Lakini kuna swali moja langu mwenyewe, si la Mwalimu. Mwaka jana uliniandikia ndege ni ya wenye tikiti na wewe ni mpima mizigo. Mwaka huu umepandaje? Barua yangu uliipata kama siku kumi na mbili hivi zilizopita. Kwa Mama ulipata siku kama hizo hizo.

Nijibu hilo. Ukinijibu hilo kwa kweli, hapana zako nitazisoma bila kukutukana.

Saidati


Goma
Ijumaa, 1 Machi 1957, saa tano

Saidati,

Nimekaa na barua yako tangu saa mbili. Mukamusoni amekunywa chai tatu na ameanza kunisemesha kwa Kinyarwanda maneno ambayo sitayaandika.

Jibu lako hili hapa.

Mwaka jana nilipewa nafasi. Barua yako ya ugonjwa wa Mama ilipofika, Mbelgiji wangu aliuona uso wangu, akauliza, nikamwambia. Siku ile ile aliandika karatasi ya kupanda bure pamoja na mizigo. Ilikuwa ndege ya Alhamisi, tarehe 23. Nilifunga nguo zangu. Blanketi niliibeba mimi mwenyewe mpaka kwenye mlango wa ndege, nikaiweka ndani, rubani akaninyooshea mkono nipande.

Miguu ilikataa, Saidati. Miaka mitano napima kila kinachoingia mle, najua uzito wa kila gunia, na ndani ya moyo sijaamini hata siku moja kwamba uzito ule unaweza kuinuka. Niliogopa. Niliogopa kama mtoto anayeogopa choo cha shimo. Rubani alicheka, akafunga mlango, blanketi ikaja kwenu na mimi nikabaki nimesimama na mfuko wangu. Nilikuwa nimekwisha kukuandikia kwamba niko mbali, kwa sababu nilijijua mapema. Baadaye niliona ni neno zuri, nikalishika. Kwako, kwa watu, kwangu mwenyewe, miezi kumi na miwili. Mbali, mbali.

Jana nilipanda. Bizimana alinunua tikiti kwa haraka, maana neno langu lilikuwa la kwake pia, nami nilipanda ngazi ile bila kutetemeka kwa sababu nilikuwa nimejaa hasira juu yako. Ndivyo ilivyo. Hasira ilinipandisha mahali ambapo Mama hakuweza kunipandisha.

Kisha tukafika juu ya mawingu, na hasira ikaisha, sijui iliishia wapi. Nikabaki na saa ya mkononi. Niliitazama njia nzima. Ni masaa matano na nusu kweli, sikukudanganya. Karibu na mimi mama mmoja wa Kizungu alilala na mdomo wazi, akaamka tumefika. Hakuna kilichotokea. Mtu anapanda, anakaa, anashuka, yuko kwa mama yake.

Sina hapana. Hapa chini nimeandika la Mwalimu.

Kwa Mwalimu Muhamadi, Gisenyi. Mimi Faradji, walii wa dada yangu Saidati, nakufanya wakili wangu umuozeshe kwa Sibomana wa lori la Mudende, kwa mahari waliyokubaliana wao, na mimi nimeridhika. Bizimana nitamjibu mimi mwenyewe.

Faradji


Gisenyi
Jumamosi, 2 Machi 1957

Kaka Faradji,

Nimeolewa jana baada ya alasiri. Sufuria zilirudi motoni, wali uliungua kidogo chini, watu walikula hivyo hivyo na wengine wakaomba ukoko. Mukamusoni anakuletea sahani yako pamoja na barua hii. Nyama ni ya paja, Sibomana ndiye aliyeichagua, akasema mtu aliyekuja kutoka huko asipewe mifupa.

Mwalimu aliisoma barua yako mbele ya watu wote kwa sauti kubwa. Aliyoisoma ni sehemu ya chini. Ya juu niliikata kwa mkasi wa kazi kabla sijamkabidhi. Watu waliusifu mwandiko wako, wakasema Faradji ni kaka wa kweli, ameruka mbingu kuja kumuozesha dada yake. Niliwaacha waseme. Wazee wale wanne sasa wanadai wao ndio walioshauri.

Usinielewe vibaya. Sikukata ile karatasi kwa sababu nimekusamehe. Na usifikiri ndoa hii umenipa wewe. Ungeandika hapana tatu ningeolewa, ungeandika thelathini ningeolewa. Nilikuwa tayari kusimama mbele ya kampi nzima na kusoma barua zako zote kwa sauti yangu, na nilitamani kufanya hivyo, nakuambia kweli. Nilipofika mahali pa rubani na ule mkono, nikakaa chini kwenye cherehani. Niliona haya kwa ajili yako, kisha nikalia, kisha nikakukasirikia zaidi kuliko asubuhi. Mbali ningeielewa, watu wengi wana ndugu walio mbali. Ulikuwa kwenye mlango wa ndege na nguo umezifunga, na Mama alikuwa hai.

Jumatatu karani atakupa karatasi yako. Ukivuka, usije kwangu kwanza. Njia utaiuliza kwa mtu yeyote, ni nyuma ya msikiti, upande wa migomba, kaburi la tatu kutoka kwenye uzio, mawe nimeyapanga mwenyewe.

Kipande nilichokata sikukichoma. Nimekifunga ndani ya kitambaa cheupe na nimekiweka chini ya jiwe la kichwani. Ni maneno yako, yalitoka kwako, na hayakuwa yangu. Kaa chini, kifungue, umsomee Mama. Soma polepole, alikuwa hapendi mtu anayesoma mbio.

Saidati